Sanduku la Chaja ya Rubani

Kaka yake seremala walimwita Rubani, ingawa ndege pekee aliyowahi kuishika ni ile ya plastiki, ya betri, inayobebeka kwapani. Tangu astaafu alikuwa akienda kuirusha kwenye uwanja wa shule. Sasa macho yalikuwa yanampa mkono wa buriani. Daktari alimwambia kweupe: nuru iliyobaki ni ya kutumia, si ya kuweka akiba.

"Nataka niione hewani mara moja tu," alimwambia mdogo wake, seremala. "Baada ya hapo, liwalo na liwe."

Kikwazo kilikuwa chaja. Betri ya ndege ile haikawii kuisha, kwa hiyo chaja lazima iende uwanjani, pamoja na pawa saplai, lile dude zito la chuma linalopoza umeme wa ukutani kabla haujaingia kwenye chaja. Mara ya mwisho walizitia kapuni. Waya ukachomoka, cheche zikaruka, kapu likaungua. Mke wa Rubani akapiga marufuku: hakitoki kitu humu ndani bila sanduku.

"Sanduku niachieni mimi," seremala akasema.

Na kweli aliliweza. Ubao wa mninga, pembe zilizoumana kama meno, mpini wa ngozi. Pawa saplai iliingia kwenye chumba chake kama mguu kwenye soksi. Hata wembe usingepenya. Seremala akisifiwa kabati husifiwa hivyo, na hapo ndipo penye kosa. Walipojaribu kuchaji mezani, feni ya lile dude ikakosa hewa, likapata moto, likazima.

"Toboa matundu ubavuni, twende zetu," Rubani akasema.

"Nitoboe mninga, kaka? Watu watasema nimetengeneza banda la kuku."

"Watu gani? Mimi mwenye mali kesho nitaliona kwa kupapasa."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja je, mdogo wangu? Hiyo huijui?"

Seremala akacheka, akalibeba sanduku kurudi karakana. Matundu mawili matatu ya keekee yangetosha, tena kabla ya chai. Yeye akalifumua lote, akakata mbao upya kwa nafasi pana, akachonga dirisha la feni lenye nakshi. Kisha vanishi. Ya kwanza haikumpendeza, akaikwangua, akapaka tena. Shemeji yake akipita humwuliza, "Shemeji, hilo ni sanduku la chaja au la bibi harusi?" Rubani mwenyewe aliacha kuuliza. Seremala akadhani ameridhika.

Siku waliyokwenda uwanjani, mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu. Mlinzi wa shule aliwapa soketi ya kibandani mwake, akalizunguka sanduku akilisifu. Feni ikavuma, betri ikajaa, hakuna waya uliochomoka. Seremala akatembea kifua mbele hadi katikati ya uwanja, akaitupa ndege juu, na Rubani, rimoti mkononi, akaipandisha.

Ndege ilikwenda upande wa goli. Uso wa Rubani uligeukia paa la madarasa.

"Iko wapi?"

Seremala akamsogelea. "Kushoto, kaka. Juu ya goli."

Rubani akageuza uso. Vidole vyake bado vilijua kazi. Ndege ikazunguka vizuri.

"Naisikia," akasema. "Ulipokuwa kwenye vanishi ya kwanza, nilikuwa bado naona kunguru akiruka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unapiga mluzi humo karakana, umefurahi. Nikasema nikuache."

Seremala angeomba radhi papo hapo, lakini ndege ilikuwa inaelekea kwenye miti, na kaka yake alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri kuelekezwa.

"Kulia, kaka," akasema. "Kulia tena kidogo. Hapo hapo."