Pamba Ndani ya Chupa

"Bosi, kesho sitakuwa. Kukhu amezidiwa."

Wabwile alisema hivyo bila kuinua macho, mashine ikinguruma kwenye kisogo cha mteja. Ukiwa na uongo mzuri hufai kuutolea macho.

"Huyo nyanya yako wa Kanduyi," Kang'ethe akajibu kutoka kiti chake cha plastiki, "huugua kila ukitaka ofu. Siku akifa kweli tutakataa kuchanga."

Watu wa benchi wakacheka. Wabwile naye akacheka, maana uongo ni kama kuku, usipoulisha utahamia kwa jirani.

"Lakini nenda tu," bosi akasema. "Hata mimi kesho niko Eldoret, kuchukua mashine mpya. Tutafunga. Mkirudi mrudi wasafi, bana. Hapa kwangu waya ziko ukutani. Aliyekanyaga waya huko nje asiniletee."

Benchi likacheka tena. Huo wa waya, yaani virusi, ndio ulikuwa wimbo wa Kang'ethe tangu mambo ya Kipyegon. Kipyegon alikuwa kinyozi wa kiti cha pili, kijana wa mkono mwepesi, mtoto alilala akinyolewa naye. Siku moja aliinama kuokota kitana na mfuko wake ukalia: chaka-chaka-chaka. Hakuna aliyeuguza mtu pale mtaani Tuwan asiyeijua sauti hiyo ya vidonge vya ARV chupani. Kwenye benchi alikuwapo Mzee Wanyonyi, mzee wa Nyumba Kumi na mzee wa kanisa, mtu ambaye siri ikimfikia huwa imefika stesheni ya redio. Kufikia jioni benchi lilikuwa tupu. Kesho yake Kang'ethe akamwambia Kipyegon abebe mashine yake. "Si mimi," alisema, "ni wateja."

Ndiyo maana Wabwile alishindilia pamba kwenye chupa yake. Pamba ile ile ya kupakia spiriti. Ukiijaza juu ya vidonge, chupa inakaa ndani ya mkoba siku nzima kama bubu. Chumbani hakuweza kuiacha, alikuwa akilala na binamu mwenye mikono mirefu. Na ndiyo maana alipita hospitali za Kitale zote akaenda kuchukulia dawa Bungoma. Kitale kuna madaktari, ndiyo, lakini pia kuna vichwa vyote alivyowahi kunyoa.

Alizaliwa na virusi. Baba alikufa wakasema ni kurogwa, mama akafuata wakasema ni mapafu, wajomba wakafuatana kama watu wa foleni. Wabukusu wakishazika, siku ya lufu wenye msiba hunyolewa, na kukhu alikuwa akisimulia kwamba miaka ile ya tisini nywele zake hazikupata nafasi ya kuota. Tena wembe mmoja ulikuwa ukizunguka ukoo mzima, kichwa hadi kichwa, hadi wazee wakaanza kuuogopa wembe wenyewe. Huko ndiko Wabwile alikotoa sheria yake ya kazi: wembe mmoja, kichwa kimoja. Wateja walidhani ni usafi. Ilikuwa ni makaburi.

*

Hospitalini Bungoma alienda moja kwa moja hadi chumba cha kijani nyuma ya maabara, akakuta kufuli.

"Hapo pamefungwa, mwanangu," sauti ikasema. Ilikuwa Mama Sellah, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akikaa ndani ya chumba hicho hicho kushauri watu, yeye mwenyewe akimeza dawa hizo hizo. Sasa alikuwa na karai la mahindi ya kuchemsha. "Wafadhili walifunga mfereji. Sisi washauri tulipewa asante na barua. Siku hizi mnapanga laini na watu wote, kule mbele."

"Na watu wote wapi?"

"Wa malaria, wa meno, wa mguu. Nenda haraka, ati dawa zenyewe si nyingi. Na usitoke kwa laini, umesikia? Wanaotoka kwa aibu ndio wanaokosa."

Laini ilikuwa ndefu, inazunguka uani. Wabwile akasimama nyuma, akavuta kofia. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akaanza kukagua visogo vilivyokuwa mbele yake. Hiki kimenyolewa na mlevi. Hiki kina mba. Hiki...

Hiki alikijua. Mtu alikuwa amevaa kofia ya marvin na barakoa, lakini chini ya marvin palikuwa na kovu kama mkia wa panya, na juu ya kovu hilo palikuwa na mstari ambao Wabwile mwenyewe aliuchonga Jumamosi. Eldoret ilikuwa imehamia Bungoma.

Muuguzi akatokea mlangoni na sauti ya mnada. "Wale wa homa, upande huu! Wale wa ARV, simameni huku kwa ukuta! Haraka, kwa ukuta!"

Watu wa homa waligeuka wote, wakiwa wamepona ghafla, kuona nani ataenda ukutani. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akaenda. Mzee mmoja akafuata, akikohoa ili aonekane na sababu nyingine. Kang'ethe aligeuka nyuma kupima macho ya watu, na macho ya kwanza aliyokutana nayo ni ya kinyozi wake.

Kisha Kang'ethe akapapasa mifuko kama mtu aliyesahau simu, akatoka kwenye laini, akapotelea upande wa vyoo.

Miguu ya Wabwile nayo ilitaka choo. Lakini chupa yake ilikuwa imebaki pamba tupu. Akaenda ukutani. Ni hatua chache tu, lakini alihisi kama anatembea bila suruali.

Dirishani alipewa chupa moja. Zamani zilikuwa zikitoka kadhaa kwa mpigo, mtu akasahau hospitali nusu mwaka.

"Rudi mwezi ujao," mtu wa dirisha akasema. "Ukiomba Mungu zitakuwa zimeletwa." Akahudumia watu wachache zaidi, kisha akashusha dirisha. "Zimeisha! Wengine jaribuni wiki kesho!"

Kang'ethe alikuwa ndio anarudi kutoka vyooni. Alisimama mbele ya dirisha lililofungwa kama mtu aliyefika mazishini watu wameshakula.

*

Bosi alimngojea langoni, nyuma ya karai la Mama Sellah.

"Uliniona?"

"Nikuone wapi, bosi? Si uko Eldoret?"

"Wabwile, wacha mchezo." Barakoa ilikuwa ikipanda na kushuka. "Nimebakisha kidonge cha leo peke yake. Mke wangu hajui. Nikienda hospitali za Kitale atajua. Nisaidie, kijana wangu."

Kijana wangu. Kumbe mtu anaweza kupanda cheo langoni. Ulimi wa Wabwile ulikuwa na maneno mengi tayari, yote yakianza na Kipyegon. Akamtazama bosi wake, mdomo mkubwa ule, sasa amesimama kama mtoto aliyevunja kikombe. Mama Sellah aliwatazama wote wawili. Alipekua chini ya karai akatoa chupa kuukuu.

"Hii haina kitu. Mgawane," akasema. "Dawa zote ni hizi hizi nyeupe siku hizi. Mungu awalaani waliotufikisha hapa."

Wabwile akamimina nusu.

"Weka pamba," akamwambia. "Inapiga kelele."

"Pamba si iko dukani? Nitaweka kesho mapema." Kang'ethe akaifunga ndani ya koti, akashika mkono wa Wabwile kwa mikono yake miwili. "Sitasahau."

*

Asubuhi Mzee Wanyonyi alikuwa kwenye kiti hata kabla bosi hajafika. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, kikao kilikuwa kinamngoja kanisani, na alitaka kichwa king'ae. Benchini walikaa vijana wawili wa boda. Wabwile alikuwa amemaliza upande wa kulia, laini kama yai, Kang'ethe alipoingia amevaa koti lile la jana. Macho yake yalienda moja kwa moja kwenye furushi la pamba. Lakini furushi lilikuwa mbele ya kioo, chini ya pua ya mzee.

"Kang'ethe! Njoo usukume hiyo plagi, mashine inakatakata," Mzee Wanyonyi akaamuru.

"Wacha Wabwile..."

"Si ameshika kichwa changu? Inama wewe, una tumbo la nini?"

Kang'ethe akainama. Chaka-chaka-chaka.

Wabwile alizima mashine. Hakujua kwa nini; angeiacha ingurume, huenda ingeifunika sauti ile. Kijana mmoja wa boda akaacha kutafuna. Mzee Wanyonyi akageuza shingo polepole, nusu ya kichwa ikimetameta, nusu ikiwa kichaka.

"Hiyo sauti," alisema, "mimi naijua."

Kang'ethe alisimama. Uso ulikuwa umeiva. Alimtazama mzee, akatazama benchi, akamtazama Wabwile, na Wabwile akayaona macho yale yakichagua.

"Ni ya huyu," Kang'ethe akasema, akichomoa chupa. "Nimempokonya juzi. Nilikuwa nangoja nimwambie faraghani, mnajua mimi sipendi kuaibisha mtu."

Mzee akaruka kutoka kitini, shuka ingali shingoni, akafika mlangoni. Hapo mlangoni mkono wake ukapanda kichwani wenyewe. Ukapapasa upande wa yai. Ukapapasa upande wa kichaka. Akatazama barabara iendayo kanisani.

Akarudi. Akakaa.

"Umenikata?"

"Wembe sijaugusa, mzee. Na damu yangu hata mashine ya maabara haioni virusi ndani yake, dawa zimevilaza. Waliniambia wenyewe."

"Wewe nyoa, usinihubirie. Na spiriti uweke nyingi."

Wabwile akanyoa. Alipaka spiriti, akapaka poda, akakung'uta shuka. Mzee alitoka bila kwaheri, simu tayari sikioni. Vijana wa boda wakakumbuka kwamba wana abiria.

Wakabaki wawili.

"Unajua itabidi uende," Kang'ethe akasema, akitazama sakafu iliyojaa mvi za mzee. "Si mimi, Wabwile. Ni..."

"Ni wateja. Najua. Nilikuwa kwa kiti hiki Kipyegon akiambiwa." Akakunja waya wa mashine yake. "Lete hiyo chupa, kama ni yangu."

Kang'ethe aliishika kwa nguvu. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshasema alichosema, akaitoa. Macho yake yaliifuata kama ya mbwa anayefuata mfupa.

Wabwile alitoa ya kwake kutoka mkobani. Akachomoa pamba iliyokuwa ndani, akaishindilia ndani ya ile ya bosi, akafunga, akaitikisa karibu na sikio la Kang'ethe. Kimya.

"Hii sasa haiongei," akasema, akiiweka mbele ya kioo kati ya poda na spiriti. "Ila zikiisha, bosi, usije kunitafuta. Nitakuwa Eldoret."

Akatia chupa yake mfukoni, akabeba mashine na mkoba. Nje, Mzee Wanyonyi alikuwa amesimama kwa mama mboga, kichwa kikiwaka juani, akisimulia kwa mikono. Alipomwona Wabwile akanyamaza, wote wakanyamaza, na katika kimya hicho Tuwan nzima ikasikia kijana akipita katikati ya barabara bila haraka, chaka, chaka, chaka.