Nani Atamwozesha Stara

Mwaka reli ya Wajerumani ilipofika Gulwe, mimi Stara nilikuwa mwari wa kuolewa hapa Mpwapwa, na nilikuwa na hasira. Si kwa ajili ya mchumba, huyo nilimtaka mwenyewe. Kilichonikera ni nani ataniozesha.

Baba yangu Amiri alifariki sijaota meno. Aliyenilea ni Bashiri, muuza samli, mume wa mama. Majirani walimwita baba yangu wa kambo, wakilikazia hilo "kambo" utadhani ni ugonjwa. Nilimuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani neno hilo limetoka wapi, akakiri hajui. Ila Waarabu, alisema, mtoto kama mimi humwita rabiba, yaani aliyelelewa. Nilirudi nyumbani nikirukaruka.

Lakini sheria ni sheria, walii, yaani mwenye haki ya kuniozesha, ni wa damu. Akaja baba mdogo Mrisho kutoka Kondoa, mtu ambaye sikumkumbuka hata sura. Baba Bashiri akampokea kwa heshima zote, akamchinjia mbuzi, kisha akaenda kukaa uani na wapishi. Roho iliniuma.

Siku ya ndoa baba mdogo alisimama mlangoni kwangu na mashahidi, akauliza kama namruhusu aniozeshe. Mwari hujibu kwa kunyamaza. Kimya chake ndiyo idhini. Kina mama walikuwa wameshavuta pumzi wapige vigelegele.

"Nakuruhusu, baba mdogo," nikasema. "Ila nakuomba umpe uwakala baba aliyenilea."

Mama akashika mdomo. Walii anaweza kumpa mtu mwingine uwakala, na anaweza kukataa. Kwa mwari mwenye domo kama langu, nani angemlaumu? Nikajuta kuzaliwa na ulimi. Lakini baba mdogo akacheka. Akasema kweli huyu ni mtoto wa kaka yake, maana Amiri naye hakujua kunyamaza. Akaenda mwenyewe uani kumtoa Bashiri kwa wapishi.

Nikiwa chumbani nikasikia sauti ya baba Bashiri barazani.

"Nimekuozesha binti yangu Stara..."

Mwalimu, ndiye aliyefungisha ndoa, akamkatiza kwa upole, akamwambia amtaje kwa jina la baba mzazi. Baba akarudia: Stara binti Amiri. Alilitamka jina la marehemu vizuri, bila kinyongo, halafu akalia mbele ya wanaume wote.

Mwari hapigi vigelegele kwenye ndoa yake mwenyewe. Mimi nilipiga.