Shahidi wa Pili wa Habibo

Usiniambie hukuona. Ulikuwepo. Ulikuwa mtu wa saba au wa nane kwenye foleni ile ya kadi, jua la saa nne limeshaanza kuyachemsha mabati, na mwanamke aliporudishwa kutoka dirishani mbele ya macho yako, ukainamia simu kana kwamba umeletewa habari za msiba. Kioo cha simu kilikuwa cheusi. Hukuwa na ujumbe wowote. Ulikuwa na shingo tu, na uliijua njia ya kuikunja.

Mwanamke yule ni Habibo. Unamjua, maana maziwa yake umeyanywa.

Ana miaka thelathini na moja na tuktuk moja. Tuktuk imeandikwa jina la mama yake, Kaltun, kwa sababu Habibo hana kitambulisho; hilo tutalifikia. Kila asubuhi huenda upande wa malisho kupokea maziwa ya ngamia kwa wafugaji, kila dumu limefungwa shingoni uzi wa rangi ya mwenyewe, akayakimbiza upande wa soko kabla joto halijayageuza. Wanawake sita humngoja pale na vikombe vyao vya kupimia. Mchana hurudisha madumu matupu, yameoshwa na kufukizwa moshi, kisha jioni anazungusha tena. Mara nne kwa siku anavuka mahali ambapo zamani palikuwa na njia ya vumbi tu, punda na mbuzi wakipishana, na hakuna aliyewahi kumwuliza yeye ni nani.

Kisha ikaja barabara. Lami safi, njia nne, uzio wa chuma huku na huku. Kampuni iliyoijenga ikaweka kituo cha ushuru palepale ilipokuwa njia ya vumbi, na uzio ukaziba mianya mingine yote. Ukitaka soko, lipa. Hospitali, lipa. Ukitaka kwenda kumzika mtu wako, shusha kioo kwanza ulipe, maiti akungoje nyuma. Lori la Mombasa linaloelekea Mandera hupita hapo mara moja kwa wiki. Habibo hupita mara nne kwa siku akitoka jikoni kwake kwenda kazini kwake. Wote wawili wakahesabiwa wasafiri.

Watu wa mtaa wetu, Iftin, hawakunyamaza. Walikaa juu ya lami siku tatu, akina mama mbele, mpaka kampuni ikasalimu amri: anayeishi karibu na barabara apewe kadi ya mkaazi, apite kwa shilingi kumi badala ya mia moja na hamsini. Na ilikuwa haki. Sisi hatukuifuata barabara, barabara ndiyo iliyotufuata nyumbani. Habibo alikaa siku zote tatu, na maziwa ya siku tatu yakamwagwa mchangani. Siku ya pili alishika ncha moja ya bango. Ncha ya pili uliishika wewe.

Basi ikafika siku ya kuchukua kadi. Dirishani alikuwa amekaa Nunow. Nunow huyu alisoma chuo cha Kurani mkeka mmoja na Habibo, na amekula kwao mara nyingi kuliko paka wao. Siku hiyo alikuwa amevaa fulana ya kampuni, na kwa kuwa msimamizi kutoka Nairobi alikuwa amesimama nyuma yake, alikuwa amekivaa na Kiswahili cha ofisini.

"Jina?"

"Waryaa Nunow, hata jina yangu umesahau?"

"Jina, mama."

"Mama! Jana nilikuwa abaayo, dada yako. Leo umenizeesha?"

Foleni ikacheka. Nunow hakucheka. "Weka kidole hapo."

Habibo akakitazama kile kioo chekundu kwa muda, kama mtu anayetazama kisima alichowahi kutumbukia. Halafu akaweka. Mashine ikafikiri. Nunow akasoma, akamgeukia msimamizi, na msimamizi akasoma naye.

"Hapa inasema mkimbizi," Nunow akasema, sauti imepungua. "Kambi ya Hagadera. Mwaka elfu mbili na kumi na moja."

"Na nyumba yangu inasema nini? Ile bale. Nguzo ya uzio yenu imesimama ndani ya jikoni yangu. Nikibika, moshi inaingia kwa hii ofisi."

"Mashine haisomi jikoni, mama."

"Wewe unasoma! Macho yako ilienda wabi?"

Msimamizi akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Mkimbizi si mkaazi. Atalipa kama msafiri. Anayefuata!"

"Kidole yangu ilienda kuchukua unga," Habibo akasema. "Haikuenda kuchukua nchi ingine."

Hapo ndipo ulipoinamia simu.

Sasa sikiliza habari ya unga huo, ingawa unaijua. Mwaka ule mvua ilikataa, na mbuzi wa Kaltun walikufa mmoja mmoja njia nzima kuelekea Dadaab, iliko ile kambi ya Hagadera, mpaka akabaki na fimbo. Ndani ya kambi waliokimbia vita walikuwa wakigawiwa unga, mafuta na maharagwe. Nje ya kambi, wenyeji walikuwa wakifa na vitambulisho vyao mfukoni, maana kitambulisho cha Kenya hakipikiki. Watu wakakaa wakashauriana, na wakapata hila ambayo ni mtu wa huku peke yake angeipata: wenye vitambulisho wajifiche, wasije wakaharibikiwa, watoto na wasichana, ambao bado hawajaandikishwa popote, ndio waende foleni. Habibo alikuwa na miaka kumi na saba. Walimfundisha jina la mji wa Somalia ambao hajawahi kuuona, wakamfundisha na kulia. Akautaja mji, akalia, akabonyeza vidole vyote kumi. Unga ule ulilisha watu kumi na mmoja.

Mwaka uliofuata alipokwenda kuomba kitambulisho, vidole vilikuwa vimeshatangulia kumsema. Waliomtuma wana vitambulisho hadi leo. Aliyetumwa hana.

Kesho yake asubuhi Kaltun alipanda tuktuk pamoja na binti yake. Yeye kadi alipata. Vidole vyake havikuwahi kupanga foleni. Walipofika kwenye kizuizi akaitoa kadi ile kutoka ndani ya shuka lake na kuinyoosha dirishani.

"Hooyo, mama, kadi ni ya mwenye kushika usukani," Nunow akamwambia kwa Kisomali, polepole, msimamizi asisikie. "Si ya abiria."

"Kumbe ni hilo tu? Habibo, shuka hapo."

"Hooyo, usiniaibishe."

"Shuka!"

Kaltun, mwenye miaka sitini na moja, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, akaketi mbele akashika usukani kwa mikono miwili kama anayemkamua ngamia mkaidi. Akazungusha. Tuktuk ikaruka, ikagonga pipa la plastiki la rangi ya chungwa lililowekwa kugawa njia, ikazima. Dumu moja likapasuka na maziwa yakatiririka kwenye lami mpya. Magari ya nyuma yakapiga honi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kaltun aliteremka bila kuharakisha, akaenda mpaka dirishani.

"Cheka na wewe, Nunow. Nilikuwa msichana askari walipouchoma mtaa wa Bulla Kartasi, na nilitoka na nguo niliyovaa. Mwaka themanini na tisa watu wa serikali wakatupanga mstari sisi Wasomali kutuchuja, wakanipa kadi ya waridi nithibitishe kwamba mimi ni wa hapa nilipozaliwa. Sasa kampuni inanipa ya tatu au ya nne, wallahi nimepoteza hesabu. Lakini wale wote walionichuja walikuwa wageni. Wewe ndiye wa kwanza kunichujia mtoto na anjera yangu ikiwa bado tumboni mwako."

Habibo akalipa mia na hamsini. Akalipa tena mchana, akalipa jioni. Wiki ya pili, wanawake watatu kati ya wale sita walimwambia, kwa aibu lakini walimwambia, kwamba wamepata mtu mwenye kadi wa kuwabebea.

Ndipo kampuni ikabandika tangazo. Aliyekataliwa alete mashahidi wawili, wasio wa ukoo wake, wenye kadi za mkaazi, waape kwamba anaishi hapa. Mashahidi wataacha kadi zao dirishani mpaka uchunguzi uishe, na wakionekana wamesema uongo, kadi zao zitafutwa. Mwisho wa kupokea fomu: Alhamisi, saa kumi za jioni. Asiyeleta ataandikwa msafiri moja kwa moja, na jina halitafunguliwa tena. Ni mtego, naam. Waliona tulivyoshikana siku tatu barabarani, wakatafuta mahali pa kutupasulia.

Jumanne baada ya sala ya alasiri, Habibo akaenda dukani kwa Abdirahim. Abdirahim anauza saruji na nondo, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakaazi, yule aliyezungumza kwenye redio akasema "sisi sote ni mwili mmoja". Wanaume walikuwa wamekaa nje ya duka na chai zao. Mpo wengi mliokuwepo.

"Adeer Abdirahim," Habibo akasema, "wewe si ukoo wangu, na kadi unayo. Nimekuja kuomba ushahidi."

Abdirahim akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. "Habibo binti yangu, hilo jambo ni zito. Mimi pikapu yangu inavuka mara kumi kwa siku. Kadi ikilala kule mwezi mzima, duka litafungwa."

"Langu limeshafungwa."

"Tena kuna suala la sheria. Uliandikishwa kambini. Mimi nitaapaje?"

"Utaapa kwamba naishi hapa. Hukuulizwa nilikula wapi."

"Haya mambo ya kambi, afadhali tusiyafukue mbele za watu."

Hapo Habibo akasogea, akasimama mbele ya meza yake, na sauti haikupanda hata kidogo. "Mwaka ule, adeer, ulikuwa umelala chini ya mti nje ya kambi na miguu imevimba. Kitambulisho chako kilikuwa kimefungwa kwenye kiuno cha mkeo kisilowe jasho. Mimi nilisimama foleni siku mbili, na gunia lilipotoka mama yangu alilikata katikati, nusu akakuletea wewe, kwa sababu ulikuwa jirani. Kidole kilikuwa changu. Unga uliula wewe."

Mmoja wa wanaume akasema, "Naa, mwanamke, nenda nyumbani, unamvunjia mzee heshima." Mwingine akaona ndege angani. Abdirahim akasema, "Allah ndiye mjuzi," akaingia ndani kupima misumari ambayo hakuna aliyeiagiza.

Ng'ambo ya njia alikuwa amekaa Hawo, muuza makaa, kikongwe wa ukoo mwingine ambaye hana gari wala punda; kadi yake aliichukua kwa sababu kila mtu alikuwa akichukua. Akainuka, akajipangusa mikono myeusi kwenye nguo, akavuka.

"Eddo Hawo, utapoteza kadi yako," Habibo akamwambia.

"Itapotea kwangu au itapotea kwako, si ni kadi tu? Lete hiyo fomu. Nilikuwa nakuuzia makaa kabla ya lami, nikakuuzia ikimwagwa, nakuuzia sasa. Kama wewe ni msafiri, basi hujawahi kuondoka."

Akaweka kidole chake kilichojaa masizi kwenye mstari wa kwanza. Karatasi ikachafuka, na alama ikaonekana waziwazi.

Fomu ina mistari miwili. Kaltun hawezi, ni mama. Wanawake wa sokoni ni wa ukoo mmoja na Habibo. Habibo amepiga hodi nyumba kumi na nne tangu jana, na katika nyumba kumi na nne watoto wametumwa mlangoni kusema baba hayupo, viatu vya baba vikiwa kizingitini.

Leo ni Jumatano. Dirisha linafungwa kesho saa kumi. Wewe si wa ukoo wake, na una kadi. Iko kwenye pochi yako sasa hivi, na uliipata kwa siku tatu alizokaa yeye juu ya lami. Hukuombwa pesa, hukuombwa kupigana. Umeombwa kusema neno moja la kweli mbele ya Nunow: huyu anaishi hapa. Usingoje Abdirahim atangulie, hatatangulia. Usingoje baada ya sala, wala baada ya chai. Inuka. Chukua kadi, nenda dirishani, uweke kidole chako kwenye mstari wa pili.