Tepe Tano za Mluzi

Historia ya kikosi chetu cha ndege za kivita ilikuwa inaandikwa na kapteni mstaafu aliyejiunga vita vikiwa vimekwisha. Sina ugomvi naye, mtu ana haki ya kuandika. Lakini alipanda ngazi mpaka kwetu ghorofa ya nne akihema, akavua kofia, akaniita shujaa, nami nikaudhika kabla hajakaa. Shujaa wa nini? Mimi nilikuwa fundi. Nilikuwa nazijaza ndege mafuta, nazipakia risasi, nazikagua, na kwa miezi mitano sikulala usingizi wa maana.

Alichotaka ni saini yangu tu. Sura ya mwisho ilihusu ajali ya Mluzi, rubani tuliyemwita hivyo kwa kuwa alipiga mluzi hata akiwa anajifunga mikanda. Mashahidi wote wa siku ile wametangulia mbele ya haki, nimebaki mimi. Na Mluzi hakuwa rubani tu kwangu. Alikuwa shemeji, mume wa dada yangu.

Dada mwenyewe alikuwepo. Alifika tangu asubuhi, akakaa kwenye kochi na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mke wangu alimwambia, wifi kunywa chai, akasema atakunywa, chai ikapoa. Alitaka kusikia kitabu kitasema nini juu ya mumewe, basi.

Kapteni akasoma, na alisoma vizuri, hilo simnyimi. Tulianza na ndege kumi na mbili zikabaki tano. Mafundi nao walipungua, kwa mabomu na kwa homa, mpaka fundi mmoja akawa anahudumia ndege mbili, na kila ndege ikiruka mara nne kwa siku. Yote ni kweli. Ila uchovu wenyewe humo kitabuni haumo. Mimi nilishalala nimesimama, spana mkononi, mpaka mwenzangu akaniuliza kama nasali au nimekufa. Tulicheka siku ile. Baadaye hata kucheka kulitushinda.

Akafika kwenye ajali. Akasoma kwamba tume ya uchunguzi haikuona hitilafu yoyote kwenye ndege. Kwamba fundi wake, yaani mimi, alikula kiapo kuwa alimwonyesha rubani tepe zote tano. Na kwamba rubani alipoteza mwendo akirudi kutua, kwa uzembe, kwa kuwa alikuwa na mawazo ya nyumbani.

Nilimtazama dada nikidhani atalia au atamgombeza mgeni. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa anatazama sakafu.

"Ni kweli," alisema. "Tuligombana asubuhi ile. Nilimwambia aende na asirudi."

Sikuwa najua. Wallahi sikuwa najua. Miaka thelathini na sita namwona dada yangu hataki kuolewa, hataki harusi za watu, hataki hata kusuka nywele, nikawa najiambia, haya ndiyo mapenzi. Kumbe mwenzangu alikuwa amebeba mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa wangu. 

Ngoja niseme hizi tepe ni kitu gani. Ndege ikiwa chini huwekwa pini nne za usalama, na kifuniko cha kitambaa kwenye kimrija kilichoko puani. Upepo ukiingia kwenye kimrija kile ndipo rubani anaona anakwenda kasi gani. Kila pini na kile kifuniko vina tepe nyekundu. Kabla ya kuruka, fundi anavitoa vyote, anasimama mbele ya ndege, anainua mkono na tepe zake. Rubani anazihesabu, zikitimia tano anainua kidole gumba. Kwa kanuni, rubani alitakiwa pia kuizunguka ndege mwenyewe. Lakini kufikia mwezi wa tano nani alikuwa na miguu ya kuzunguka? Walihesabu tepe wakaondoka.

Na sisi mafundi tulikuwa na tabia yetu. Badala ya kuzirudisha tepe kwenye sanduku la kila ndege, tulizisokomeza mfukoni mwa ovaroli, maana baada ya muda mfupi tungezihitaji tena. Kila mtu alifanya hivyo. Hata mkuu wa karakana aliona akanyamaza.

Basi siku ile mchana nilitoa pini nne za ndege ya Mluzi. Nikapeleka mkono mfukoni, nikakuta tepe tano, nikaziinua. Shemeji akahesabu, akainua kidole gumba, akaenda zake. Alipopotea machoni ndipo nikazitazama. Kila tepe ina namba ya ndege yake. Nne zilikuwa za kwake. Ya tano ilikuwa ya ndege niliyoihudumia kabla, iliyosahaulika mfukoni nilipoirudishia zake.

Aliruka kifuniko kikiwa bado puani mwa ndege. Akarudi kutua bila kujua mwendo wake, akaangukia mwanzo wa njia ya ndege. Kitambaa kiliungua pamoja na kila kitu. Tume iliponiuliza kama nilionyesha tepe tano, nilisema ndiyo, na ni kweli, nilionyesha tano. Hakuna aliyeniuliza ni za ndege gani.

Nikayasema yote pale sebuleni, mbele ya mke wangu ambaye hakuwahi kuyasikia.  Nikamwambia kapteni afute uzembe, afute mawazo ya nyumbani, aandike fundi. Alipokwisha kuandika, nikachukua kalamu nikatia saini chini ya maneno yangu mwenyewe. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Wapi.

 Dada akauliza kama Mluzi alikuwa anapiga mluzi alipoondoka. Nikamwambia ndiyo, nilimwona midomo. Akatikisa kichwa, akafunga mkoba wake, akasimama.

"Kila mwaka naenda kaburini kumwomba msamaha," alisema. "Na wewe, kaka, kila mwaka unanisindikiza. Unanishika mkono nikilia."

 Mke wangu aliinuka amsaidie kushuka ngazi, dada akamwambia asijisumbue. Tukamsikia akishuka peke yake, ghorofa ya tatu, ya pili, akipumzika kila mahali, na mimi nimesimama mlangoni, sithubutu kwenda kumpa mkono.