Saa Iko Kazini

Tangu alfajiri Dada Mkubwa hakuwa amekalia kitu chochote chenye adabu ya kuitwa kiti. Alikuwa amembadilisha Mama nepi, amemwosha, amemgeuza, amemlisha uji kijiko kwa kijiko, nusu ukiingia na nusu ukirudi kuwasalimu wenzake bakulini. Alikuwa amefua shuka, ameanika shuka, kisha akagundua kuwa ile iliyokuwa kavu imeshalowa. Ndipo akaichukua saa yake dirishani, akaivaa, akajibwaga juu ya ndoo iliyofudikizwa uani na kushusha pumzi moja ndefu.

Saa ikatetemeka, kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango akimvizia.

"Umekaa kwa muda mrefu," iliandika kwenye kioo chake. "Inuka, nyoosha miguu!"

"Nyoosha ya kwako," Dada akaijibu.

Saa yenyewe hakuinunua yeye. Aliletewa na mdogo wake wa kiume, ambaye nyumbani walimwita Mkurugenzi. Hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Alikuwa karani katika ofisi ya bima, mji mwingine. Jina alilipata utotoni, kwa kuwa kila walipocheza yeye hakucheza, alipanga nani awe mbuzi na nani awe fisi. Sasa hapakuwa na mbuzi wala fisi, basi alipanga ndugu. Alinunua saa tatu za kupima afya: moja yake, moja ya Kitinda, mdogo wao wa mwisho, na moja ya Dada. Saa zilihesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi, na zilipeleka yote papo hapo kwenye simu zao wote watatu; kila jioni yakapangwa kama matokeo ya mtihani.

Kitinda, mwalimu katika shule ya ghorofa nne, aliongoza. Mkurugenzi alimfuata kwa kuzunguka maegesho ya magari wakati wa chakula cha mchana. Dada alishika mkia, na aliushika kwa mikono miwili.

"Nanga," walimwita. "Dada, hata nanga hung'olewa siku moja moja!"

Alicheka nao mara ya kwanza. Mara ya pili alicheka kidogo. Baada ya hapo akawa anatuma kile kikatuni cha uso unaocheka, kwa kuwa kidole ndicho kiungo pekee kilichokuwa bado na nguvu ya kucheka.

Tatizo lilikuwa kwamba utani ule uligusa mahali penye kidonda. Mama alipigwa na kiharusi, upande mmoja ukalala na maneno yakabaki machache, na tangu siku hiyo Dada alikuwa peke yake naye. Sasa aliomba kitu kimoja tu: atafutwe msaidizi, hata wa nusu siku, ili naye apate kulaza mgongo. Waliongea kwenye simu, wote watatu.

"Hatusemi hufanyi kazi, Dada," alisema Mkurugenzi kwa sauti ya mkutano. "Ila hizi namba, unaziona mwenyewe."

"Labda kazi yenyewe ni ya kukaa," Kitinda akadakia. "Si vibaya. Mimi mwenyewe naitamani ya kukaa."

"Njoo tubadilishane, mdogo wangu. Wewe ukae huku, mimi nipande ngazi zako."

"Lakini Dada, hatua zako ni chache kuliko za mtoto anayetambaa!"

"Naivua ninapomhudumia Mama. Nikipitisha mkono chini ya mgongo wake, inamkwaruza."

Mkurugenzi, mtu wa majibu, akasema: "Basi kaza mkanda."

"Nikaze mkanda," Dada alirudia, polepole, kama mtu anayeonja chakula kilichochacha.

"Tuipe saa mwezi mmoja. Ikionyesha umezidiwa, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kutafuta mtu. Tusibishane kwa mdomo."

Basi hivyo ndivyo jambo lilivyokabidhiwa saa.

Dada alijitahidi. Siku moja aliivaa kutwa nzima, akamgeuza Mama nayo, na alipomaliza aliona mstari mwekundu ubavuni, mwembamba, kwenye ngozi ambayo siku hizi ilikuwa kama ganda la kitunguu. Mama alikunja uso tu, kama anayeomba radhi kwa kuumia. Dada akaivua. Na kwa kuwa kazi yake yote ilikuwa ni kugeuza, kuinua, kuosha na kukamua, mikono ikiwa ama chini ya Mama ama ndani ya beseni, saa ilikaa dirishani saa zote za kazi na kuvaliwa saa za mapumziko. Ilimjua Dada kwa upande mmoja tu, kama jirani anayekukuta kila mara umeketi barazani, akatangaza mtaa mzima kuwa wewe ni mvivu.

Siku aliyoiweka kitandani badala ya dirishani, ilitetemeka karibu na mkono mzima wa Mama. Mama akaishika.

"Nani?" akauliza. Neno lilitoka zima, safi, la kwanza tangu juzi.

"Ni saa, Mama."

Ikatetemeka tena. Mama akatabasamu kwa ule upande wa uso uliokuwa bado unatabasamu. "Ananigusa," akasema.

Dada akamvalisha, taratibu, ikalegea kama bangili. Hakuwaza zaidi ya hapo. Mama akalala na mkono wake kifuani, akiusubiri mtetemo kama mtu anayesubiri hodi. Saa ilipomwamrisha ainuke atembee, yeye aliyekuwa hajatembea tangu mwaka uliopita, alifurahi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuamrishwa.

Halafu Dada akaanza kuona jambo. Mapigo ya moyo yalikuwa yakionekana kwenye kioo, na kabla Mama hajaanza kuguna, namba ilipanda. Akimgeuza, inashuka. Akimbadilisha, inashuka. Mama asiyeweza kusema "naumia" alikuwa amepata kitu cha kumsemea. Si kwamba saa ilikuwa mganga. Mara nyingine ilipanda kwa kuwa Mama anaota, au amesikia wimbo redioni. Mara moja ilipanda mno, Dada akaacha maji jikoni na kukimbia, akamkuta Mama anacheka na paka. Ilimlazimu aende akaangalie kwa macho yake vilevile. Lakini ilimwambia lini aende, na kwa mtu aliyekuwa akienda kila dakika, hiyo ilikuwa nusu ya likizo.

Kwa hiyo Dada, aliyekuwa akiitukana ile saa kila siku, akaanza kuichaji mapema kuliko simu yake.

Alichosahau, kwa uchovu, ni kwamba saa haikujua imehama mkono.

Ujumbe ulimkuta amejaa povu hadi viwikoni. Aliusoma kwa jicho moja, simu ikiwa imeegemea sabuni.

"Dada, nimenyamaza siku nyingi, leo nasema," aliandika Mkurugenzi. "Umelala asubuhi mpaka adhuhuri. Ukaamka kidogo. Ukalala tena mpaka jioni. Wiki nzima! Msaidizi unamtaka wa nini? Wa kukushikia mto?"

Chini yake Kitinda alikuwa ameweka kikatuni cha mtu anayekoroma.

Kuna kuchoka kwa mgongo, na kuna kuchoka kwa miguu. Hayo mawili Dada aliyazoea, yalikuwa wapangaji wake. Lakini kuna uchovu mwingine, wa kuchoka hata kujitetea, na huo ulikuwa unabisha hodi sasa. Alifuta mikono. Alijua afanye nini. Mwezi ulikuwa haujaisha. Angemvua Mama saa, aivae mwenyewe, apige miguu sebuleni kama askari wa gwaride mpaka namba zimuombe radhi, na msaidizi angepatikana. Akaingia chumbani akafungua mkanda.

Mkono wa Mama ukabaki hewani. Kisha ukaanza kutafuta: juu ya shuka, chini ya mto, kifuani, juu ya shuka tena.

"Yuko wapi?" Mama akauliza.

Dada alisimama pale na saa kiganjani. Alisimama mpaka ikatetemeka na kumwambia amesimama vizuri, aendelee hivyohivyo. Akamrudishia Mama mkononi.

"Yupo, Mama. Alikwenda kunawa."

Jumamosi, mchana, Mkurugenzi akaingia bila taarifa, na begi begani, na ile sura ya mkaguzi. Alimkuta dada yake uani akikamua shuka.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekuja kunikamata nikiwa usingizini?"

Mkurugenzi akatazama simu yake. Akamtazama dada yake, maji yakimchirizika viwikoni. Akatazama simu tena. "Hapa inasema umelala. Sasa hivi. Usingizi mzito."

"Mimi niko hapa. Saa iko kazini."

"Kazini wapi?"

"Ingia uione. Vua viatu."

Mama alikuwa amelala chali, mkono kifuani, saa ikining'inia kwenye mfupa wa kifundo cha mkono. Mkurugenzi alisimama mlangoni, viatu mkononi. Saa ikatetemeka. Mama akafumbua macho, akatabasamu upande mmoja.

"Ameniita," alimwambia mwanawe, kama anayempa habari njema.

"Tangu lini?" Mkurugenzi akamuuliza Dada kwa sauti ya chini.

"Tangu nilipoanza kulala kutwa."

Dada aliinama kutazama kioo. "Imepanda. Mgongo unamuuma. Njoo ushike."

"Nishike wapi?"

"Mabegani, pitisha mkono chini. Mimi nashika kiuno. Usimvute, mbebe."

Mkurugenzi akapitisha mkono. Mama akasema, "Aa!" kwa sauti ndogo, na uso ukakunjika ule mkunjo wa kuomba radhi.

"Vua saa yako," alisema Dada.

"Samahani. Samahani, Mama."

"Au kaza mkanda."

Aliivua akaiweka dirishani, pale pale palipokuwa na alama ya vumbi ya saa nyingine. Wakamgeuza. Wakakuta kitanda kimelowa, wakabadilisha shuka Mama akiwa juu yake, ufundi ambao Dada aliueleza kwa maneno machache na Mkurugenzi aliukosea mara mbili. Wakamwosha, wakampaka mafuta, wakamvisha, wakampa maji, akayakohoa, wakambadilisha nguo upya. Walipomaliza, Mkurugenzi alikuwa ameegemea ukuta, shati limemganda mgongoni, akishika kiuno kama mjamzito. Kwa mazoea akaivaa saa yake.

Ikatetemeka. Aliisoma. Hakusema imeandika nini, lakini Dada aliijua sentensi ile kwa moyo.

"Unafanya hivi mara ngapi kwa siku?" aliuliza.

"Sijui. Aliyepaswa kuhesabu alikuwa dirishani."

Mkurugenzi akatoa simu, akaandika kitu kwenye kundi la familia, akafuta, akaandika tena. Baadaye Kitinda akampigia simu, na alichosikia Dada kutoka ukumbini ni maneno ya upande mmoja: "Hapana... Si yeye, ni Mama... Nasema saa anaivaa Mama!... Mwalimu, acha kucheka. Jumatatu natafuta mtu, na nusu ya mshahara wake utalipa wewe."

Alirudi chumbani akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda. "Niko hapa mpaka kesho jioni. Nenda ukalale, Dada."

Mkurugenzi alistahili kutaniwa kwa wiki nzima, na nyingine ya akiba, lakini Dada aliuacha utani usubiri. Alikwenda chumba cha pili, akajilaza na nguo zake zenye maji, miguu ikiwa bado nje ya kitanda. Dari ikaanza kwenda mbali.

"Dada!" Sauti ya Mkurugenzi ilipita ukutani, ina hofu. "Dada, namba imepanda!"

Mwili ulianza kuinuka wenyewe, kama siku zote. Kiwiko kikagusa godoro. Kisha akakilaza.

"Mtazame usoni kwanza," alisema, macho yamefungwa. "Anacheka?"

Kiti kilikwaruza sakafu.

"Hacheki."

"Basi mgeuze. Upande wa dirishani. Na uvue saa."