Saa ya Mkate

Ukitaka kujua ukoo umekauka kiasi gani, usiungoje msibani. Uendee siku ya kuzaliwa.

Marjo alikuwa na baa yake Tilburg, kusini, mahali ambapo mtu akitimiza mwaka watu hukanyagana mlangoni na baada ya muda hakuna anayejua bia ipi ni ya nani. Kwa wakwe zake, kaskazini kule Groningen, viti vilipangwa duara kuzunguka kuta kama vya wagonjwa wanaosubiri daktari, na kila aliyeingia alilizunguka duara zima akitoa mkono: hongera kwa mama yako, hongera kwa bibi yako, hongera kwa mkweo. Ukishawapongeza wote ambao hawakuzaliwa siku hiyo, unakaa. Unaletewa kahawa. Kopo la biskuti linapitishwa, unachukua moja, na kifuniko kinarudi mahali pake, tap, hata mate hujameza.

Marjo alikuwa akikitazama kifuniko hicho kila mwaka kama mfungwa anavyotazama komeo.

"Haya," akasema Roelof, akikohoa kikohozi cha mwenyekiti. "Suala la bustani."

Duara likakaa sawa. Kila kiangazi ukoo mzima ulikwenda siku moja kwenye bustani kubwa ya bembea, na kila kiangazi mpangaji wa safari alikuwa Roelof, kaka mkubwa wa mume wa Marjo, Wietse. Kazi ya Roelof ilikuwa kupanga taa za barabarani manispaa, na kwa sababu hiyo alimwona kila mwanadamu kuwa ni gari lililokosea njia.

Marjo akamgusa Fenna kwa kiwiko, maana yake: sikiliza, ndiyo hii.

Fenna alikuwa binti wa Wietse kwa mke wa kwanza. Mama yake alikuwa amehamia Norwei na mwanamume mwingine, na mtoto akabaki kulelewa juu ya baa, na mama wa kambo ambaye bado alimwita kwa jina lake tu, Marjo. Kiangazi kilichopita walisimama wawili hao chini ya Joka la Mbao, ile treni inayopandishwa hadi mawinguni kisha ikajitupa chini kama imefukuzwa, na Fenna akapungukiwa na urefu unaotakiwa kwa kidole kimoja. Alilia bila sauti, kilio cha kikwao, cha kaskazini. Marjo, ambaye angeweza kuvumilia mlevi akivunja kioo lakini si mtoto anayelia kimyakimya, akaapa palepale: "Mwakani, mimi na wewe, kiti cha mbele." Tangu siku hiyo mtoto alikuwa akijipima kwenye mwimo wa mlango wa baa, na kila alama ya penseli ilipopanda, walevi wa Tilburg walimpigia makofi. Ahadi ni deni, na deni hili lilikuwa na mashahidi baa nzima.

"Nimechambua," Roelof akaendelea. "Siri ni moja. Twende wiki ile watoto wa kusini wamesharudi shule na wa kwetu bado wako likizo. Bustani nusu tupu."

Hillie, mkewe, akatikisa kichwa kukubali hadi kahawa ikamwagikia sahani.

"Fenna anasoma kusini, shemeji," akasema Marjo.

"Eti?"

"Fenna. Huyu hapa. Tunakaa naye Tilburg. Wiki hiyo yuko darasani."

Duara likamgeukia Fenna kama kiti kilicholetwa bila kuagizwa. Marjo akahisi damu ikimpanda. Walikuwa wamempa mkono mtoto huyu dakika chache zilizopita, wakampongeza kwa kuwa na bibi, na hakuna aliyekumbuka anaishi wapi.

"Si aombe ruhusa?" akasema mama mkwe, Geesje, ambaye siku hiyo ya kuzaliwa ilikuwa yake.

"Mama, nchi hii ukimtoa mtoto shule ukampeleka kubembea, faini yake inakungoja nyumbani."

Roelof akashusha pumzi kama fundi aliyewekewa mlango mahali pa dirisha. Lakini akili nyingi haikosi pa kupitia. "Basi siri ya pili. Tungoje siku ambayo utabiri unasema mvua. Wajinga watabaki nyumbani, sisi tutavaa makoti. Tukiingia, tunakwenda moja kwa moja nyuma kabisa ya bustani, tunarudi kuja mbele. Kwa nini? Kwa sababu wajinga huanzia mbele."

"Hao wajinga," Marjo akauliza, "unawajua kwa majina, shemeji, au unawafahamu kwa sura tu?"

Mtu mmoja kwenye duara karibu acheke, akaokolewa na biskuti.

"Saa sita na nusu, mkate," akasema Roelof, akiyapita maneno hayo kama gari linavyopita taka. Hapo hapakuwa na mjadala. Saa sita na nusu ilikuwa mkate kabla Roelof hajazaliwa.

"Na Joka?"

"Foleni ndefu, raha fupi. Hailipi. Hata kwenye mpango sikuliweka."

"Nimemwahidi mtoto."

Mama mkwe akatabasamu, tabasamu jembamba kama kipande cha jibini cha nyumba ile. "Tutaona," akasema.

Sasa, Tilburg mtu akikataa anasema hapana, na anakuongezea na tusi ili usisahau. Watu hawa hapana yao waliivalisha suti ya Jumapili wakaiita tutaona. Fenna, aliyekuwa na damu ya kaskazini, hakuhitaji kufasiriwa. "Sawa tu," akasema, akiviangalia viatu vyake. Na Wietse? Nyumbani Wietse alikuwa mwanamume mzuri, mcheshi hata, lakini kwenye duara la mama yake alilainika kama biskuti iliyosahauliwa ndani ya kahawa.

"Mbona hukusema kitu?" Marjo akamuuliza garini.

"Roelof hujichosha sana na hii mipango, mke wangu."

"Hata mende hujichosha."

Siku ya siku ikafika, katikati ya Agosti, mbingu rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Utabiri ulisema mvua na mvua ikaja, haikuvunja miadi. Roelof aliendesha mbele, msafara ukamfuata, na walipofika kwenye maegesho hapakuwa hata na pa kuegesha baiskeli. Kumbe kila ukoo nchini ulikuwa na Roelof wake. Maelfu ya watu waliokwepa wajinga walikuwa wamesimama kwenye lami, wote ndani ya makoti ya mvua ya plastiki, wote na makopo ya mkate kwapani. Na milango ilipofunguliwa, umati huo wote ukaipita bembea ya kwanza, ukaipita ya pili, ukakimbilia nyuma kabisa ya bustani. Mbele pakabaki njiwa tu.

"Watu hawafikirii," Roelof akasema kwa uchungu, maji yakimtiririka puani. "Tazama. Wote wamekuja siku moja."

Marjo alicheka hadi akashika mti. Lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu asubuhi ililiwa yote na foleni za vimashua na farasi wa kuzunguka, wapate kupanda watoto wadogo wa Roelof, na kila mara Joka liliponguruma juu ya miti Fenna hakuinua hata kichwa. Hilo ndilo lililomchoma Marjo. Mtoto asiyeinua kichwa ameshaanza kukauka. Miaka michache tu atakuwa amekaa kwenye duara lile, biskuti moja mkononi, akisema sawa tu kwa kila kitu.

Walipolipita lango la Joka, kibao kilitangaza kwamba kungoja ni zaidi ya saa nzima. Roelof akakinyooshea kidole, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukang'aa. "Si nilisema?"

"Nilimwahidi, Roelof."

"Tutaona mchana," akasema mama mkwe.

Saa sita na nusu Roelof akainua mkono kama trafiki. Wakaketi kwenye meza ya mbao iliyolowa, wakafungua makopo. Mkate, siagi, kipande kimoja cha jibini. Viwili vingekuwa anasa. Na Marjo alipoinua macho kutafuta pa kutupia hasira zake, akaona kitu. Meza zote zilikuwa zimejaa. Kuta za maua zilikuwa zimejaa, ngazi zilikuwa zimejaa, watu wamekaa hata juu ya mifuko ya plastiki matopeni, na bustani nzima ilikuwa ikitafuna. Mvua haikuwatoa hawa watu, umati haukuwatoa, lakini saa ya mkate iliwatoa. Waliobaki kwenye foleni ya Joka walikuwa wakiingia mmoja mmoja, na nyuma yao hakuwa akija mtu.

"Fenna," akasema. "Simama. Twende."

"Wapi?" akauliza Hillie.

"Kwenye Joka."

Mataya ya ukoo yakasimama. "Marjo," Roelof akasema polepole, kama anazungumza na mtu aliye juu ya paa, "ni saa ya mkate."

"Mkate hautakimbia."

"Katika familia hii tunakula pamoja," akasema mama mkwe.

"Katika familia hii, mama, hata hamjui mtoto anasoma shule ipi."

Fenna alikuwa ameushika mkate wake kwa mikono miwili, macho yakienda kwa bibi, kwa Joka, kwa bibi. Marjo hakumvuta. Ghafla akaogopa kwamba mtoto atasema lile neno. Akisema sawa tu na kuuma mkate, basi, yamekwisha. Hakuna alama ya penseli itakayomrudisha.

Fenna akasimama, mkate mkononi. "Bibi," akasema, "nitakula nikitembea."

Hillie akashika mdomo. Huenda tangu ukoo ule uanze hakuna aliyewahi kula akitembea. Wietse alitafuna huku ametazama chini, lakini akaisogeza miguu yake pembeni ili binti yake apite. Lilikuwa tendo la kishujaa kuliko yote aliyowahi kutenda mbele ya mama yake, na Marjo akalipokea kama mtu anavyopokea sarafu iliyotoboka.

Langoni kijana wa zamu akamvua Fenna kofia, akamsimamisha kwenye kipimo, akaashiria: pita. Foleni hata kupinda haikupinda. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, kinachuruzika maji, kinawangoja. Na hapo, kwa karibu, Marjo akautazama ule mlima wa mbao, akazisikia boriti zikilia, akarudi nyuma hatua moja. Katika maisha yake yote hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi ya stoo.

"Fenna," akasema, sauti imekonda. "Labda... tungekula kwanza?"

Fenna alishaumaliza mkate wake. Akamtazama mama yake wa kambo kutoka miguuni hadi nyweleni, kwa dharau yote ya kaskazini na yote ya kusini ikiwa imechanganywa kwenye glasi moja.

"Marjo," akasema. "Mkate hautakimbia."

Wakapanda. Kwenye kilele Marjo aliiona bustani yote imeinamia makopo yake, na treni ilipojitupa alianza kuwatukana mababu wa Roelof mmoja mmoja akashuka nao mpaka chini. Fenna alikaa kimya kona ya kwanza, kimya ya pili, na kwenye ya tatu kikamtoka kicheko, si kile cha kikwao. Kilikuwa kicheko cha baa saa za kufunga, kipana, kisicho na adabu. Treni iliposimama akasema, "Tena," na kwa kuwa hakukuwa na mtu nyuma yao, ikawa tena.

Waliporudi mezani makopo yalikuwa yameshafungwa.

"Mmekata tamaa?" Roelof akauliza, kwa matumaini.

"Tumepanda mara mbili," akasema Fenna.

"Haiwezekani."

"Hakukuwa na watu, baba mkubwa. Wote mlikuwa mnakula."

Roelof akaitazama foleni, iliyokuwa imeanza kunenepa tena. Akatazama saa yake. Akatazama makombo. Mama mkwe alikuwa akikaza kifuniko cha chupa ya kahawa kwa nguvu kuliko kilivyohitaji. Kisha Roelof akatoa simu, akawapa mgongo, akawa anaandika kitu.

Marjo alikuja kujua kilichoandikwa siku ya kuzaliwa iliyofuata, duara lilelile, kahawa ileile.

"Nimechambua," akasema Roelof. "Siri ni moja. Saa sita na nusu wajinga wote wanakula. Sisi tutakula saa tano na nusu, halafu bustani ni yetu. Joka, bila foleni."

"Jamani, hicho kichwa!" akasema Hillie, na kahawa ikamwagika. Duara likanung'unika kwa heshima. Marjo akafungua mdomo, ndani yake limeshajipanga tusi ambalo lingesafiri hadi Tilburg kwa miguu yake lenyewe, lakini Fenna akamwahi.

"Kumbe baba mkubwa! Kwa hiyo safari hii tunapanda na wewe? Kiti cha mbele?"

Roelof akameza kitu ambacho hakikuwa biskuti. Rangi ikamshuka kutoka masikioni, ikapita shingoni, ikaingia ndani ya kola. Miaka yote ya foleni ndefu na raha fupi, miaka yote ya hailipi, ikakaa pale katikati ya zulia, kila mtu akiiona.

"Mimi?" akasema. "Tutaona."

Na kwa kuwa wote isipokuwa mmoja walikuwa watu wa kaskazini, hapakuwa na haja ya kufasiri. Marjo alikumbuka ile hatua yake mwenyewe ya kurudi nyuma, akataka kumhurumia shemeji yake. Alijaribu kwa kweli. Ikashindikana.

Kopo likawa linapita. Fenna akachukua biskuti yake, na mkono wa bibi ukakileta kifuniko, lakini mtoto akatia vidole katikati, bila haraka, akachukua ya pili. Akaiweka kwenye kisahani cha Marjo.

"Fenna!" akasema mama mkwe.

"Ndiyo, bibi?" akasema Fenna, akitafuna.