Misumari Mdomoni

Binti yangu aliniaga huku anapiga msasa, wala hakusimamisha kazi.

"Baba, nikimaliza kiti hiki nahamia karakana ya ng'ambo ya barabara."

Nilidhani vumbi la mbao limeniziba masikio. Yule wa ng'ambo ni seremala wa jina tu. Meza zake hazitulii hata ukizifunga kamba. "Amekuahidi nini?"

"Hajaahidi kitu. Alipita hapa, akagusa kabati langu, akasema ni kazi nzuri." Akapuliza vumbi. "Baba, tangu nishike randa hapa, sijui kama najua."

Jamani! Mimi niliyekuwa nikipita mbele ya kazi zake kimya! Kwetu kimya ndiyo sifa yenyewe. Ukiharibu utasikia, ukipatia, husikii neno. Nani asiyejua hilo?

"Kizuri chajiuza," nikamwambia.

"Nani aliamua tusisifiane?"

"Ndivyo tulivyofunzwa."

"Na aliyewafunza aliwaambia kwa nini?"

Nikamwambia asinipande kichwani. Lakini swali lilinikaa kama kibanzi kidoleni, nikalipeleka kwa mwenzangu. Tulijifunza kazi pamoja kwa fundi mmoja tukiwa vijana, na tunamwita Gundi kwa sababu habanduki benchini.

"Gundi, kwa nini hapa hatusifiani?"

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Methali naijua. Nani aliifanya sheria humu ndani?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nimeipokea kwako!"

"Kwangu? Mimi nilikuona husemi, nikajua ndiyo sheria, nikanyamaza."

Kichwa kilianza kunizunguka. "Basi ni marehemu mwalimu wetu. Yule hakumsifu mtu."

"Angemsifuje? Si alikuwa na misumari mdomoni kutwa nzima?"

"Mbona akiona kosa alisema?"

"Akiona kosa aliitema."

Tukatazamana. Ina maana tumenyimana neno umri wote huu kwa ajili ya misumari? Au mzee alitunyima makusudi? Sikujua, na wa kumuuliza hayupo.

Nikaona nijaribu. Nikavuta droo aliyokuwa akiitengeneza Gundi. Ikateleza bila kelele. "Droo nzuri," nikasema, na sauti haikuwa yangu.

Gundi akaweka randa chini. "Unanifukuza?"

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nikinyamaza naumiza, nikisema natisha. Sasa nifanyeje?

Jioni binti alimaliza kiti. Akakusanya vifaa vyake, akautia mkoba begani. Mimi nikakizunguka kile kiti, nikakikalia, nikainuka.

"Kizuri."

Akapiga magoti papo hapo, akaanza kupapasa miguu ya kiti. "Wapi? Huu wa nyuma?"

"Hakuna kasoro. Nimesema kizuri."

"Baba, niambie tu." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nitarekebisha kabla sijaenda."

Kosa nilijua kulitaja lote: liko wapi, kiasi gani, liondolewe kwa patasi ipi. Uzuri nilikuwa na neno moja tu la kuutaja, na hilo mwanangu mwenyewe haliamini. Nikapiga magoti kando yake, nikauchukua mkono wake.

"Kiungo hiki. Pitisha ukucha. Unaona haukwami? Kwenye vyangu hukwama. Na mgongo huu umeulaza kidogo. Mimi ningeusimamisha wima, mtu akachoka. Ulijuaje?"

Akaupapasa mgongo wa kiti. "Nilikuwa nakutazama unavyokaa mgongo ukikuuma."

Nikakosa la kusema, na safari hii haikuwa kwa sababu ya sheria yoyote.

"Endelea," akasema. Mkoba ulikuwa umemteleza begani. Akausukuma chini ya benchi kwa goti.

Nikaendelea. Nilibabaika, nikarudia maneno yale yale, nikasifu hata mahali ambapo mbao ilijiotea hivyo yenyewe, akacheka. Sijui kama nilikuwa nafanya sawasawa. Hakuna aliyenifundisha.

Randa ya Gundi ilikuwa imenyamaza kitambo.

"Samahani," akaita kutoka benchini kwake. "Ile droo. Ulisema kweli?"